Naomba ushauri: namna ya kuonyesha Napoleon Dynamite

Ndugu wanachama, salaam. Ninaratibu klabu ya filamu chuoni, na nimependekeza Napoleon Dynamite, komedi ya mwaka 2004 iliyorekodiwa Preston, Idaho, nchini Marekani, kwa bajeti ya takriban dola 400,000. Wenzangu wachache walioitazama wamegawanyika: wapo waliocheka hadi machozi Napoleon, mhusika mkuu, alipocheza dansi jukwaani kumsaidia rafiki yake Pedro katika kampeni ya urais wa wanafunzi shuleni, na wapo wanaolalamika kwamba haina kisa, ingawa mimi naipenda kwa dhati. Nimejaribu kueleza mapema kuwa ucheshi wake umo katika ukimya na nyuso zisizocheka, lakini maelezo yaliwachosha zaidi. Je, niionyeshe bila utangulizi wowote? Na maoni niyakusanye kwa maandishi kabla ya mjadala, ili wenye sauti kubwa wasiwafunike wengine?