Mtoto kakutwa na seliaki, kifungua kinywa nimpe nini?

Mama Fau, Mikindani: Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa miaka miwili kakutwa na seliaki, ule ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na jamii zake, inadhuru utumbo. Daktari kasema ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano) basi, maisha yote. Sasa akimwona kaka yake na andazi, ni kilio mtaa mzima! Nimpe nini asubuhi?

Bibi wa Masasi: Pole mwanangu. Huku kwetu kusini hamkosi: muhogo, mtama, ulezi, mchele, ming'oko (vile viazi vya porini), vyote havina gluteni. Mpikie vitumbua mwenyewe. Vya gengeni wengine hutia ngano kidogo, tena hukaangwa mafuta yale yale ya maandazi.

Somoe: Unga wa lishe wa dukani usiuamini, mwingine una ngano. Na mashineni! Akitangulia mtu kusaga ngano, vumbi lake linaingia kwenye unga wako. Mie wangu natwanga kinuni, nachekecha kwa chekeche lake peke yake.

Mama Fau: Asanteni. Na kaka mtu?

Bibi wa Masasi: Naye ale vitumbua. Andazi akale shuleni huko.