Ujauzito hapa Uingereza: tarehe za vipimo, vidonge na chai, chupa ya mtoto

Kutoka: Mratibu wa jumuiya, Coventry

Habari za jioni ndugu zangu. Swali hili linarudi kila mara: mama mgeni, mimba ya wiki 7, anauliza aende kliniki lini, maana nyumbani wengi huanza kliniki tumbo likishaonekana. Wakunga, manesi na watu wa maabara mliomo humu, tafadhali andikeni kwa tarehe na vipimo ili tuweze kumpa mtu maelezo ayasome mwenyewe. Wengi wetu tuko England, kwa hiyo shikeni utaratibu wa huku.

Kutoka: Mkunga, Leicester

Wiki 7 ndiyo wakati wenyewe, aanze kesho. Hana haja ya kumsubiri daktari wa familia. Hospitali za uzazi zina fomu ya kujiandikisha kwenye tovuti zao, na hata ambaye hajapata GP anaweza kuijaza. Wiki zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si tangu siku alipojua kuwa ana mimba. Wengi hujikosea hapo na kujiona wana wiki 8 kumbe wana 10.

Miadi ya kwanza, ambayo wenyewe wanaiita buking, inatakiwa ifanyike kabla ya wiki 10 kutimia. Ni ndefu, ina maswali mengi, na hutolewa damu ya kupima kundi la damu, wingi wa damu, VVU, kaswende, homa ya ini aina ya B na selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi). Kuhusu selimundu namwachia ndugu yetu wa maabara, kwa sababu ndipo watu wetu wanapopotezea nafasi.

Kinachofuata ni kipimo cha pamoja cha sindromu ya Down, Edwards na Patau, hali ambazo mtoto ana kromosomu moja ya ziada. Damu huchukuliwa kati ya wiki 10 na wiki 14 na siku 1, na ultrasaundi ya kupima maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto hufanyika kati ya wiki 11 na siku 2 na wiki 14 na siku 1. Mtoto lazima awe na urefu wa milimita 45 hadi 84 toka kichwani hadi makalioni. Akizidi, kipimo hicho hakifanyiki tena. Mama akija na wiki 15 hupewa kipimo kingine cha damu, kinachoishia wiki 20, nacho kinaangalia Down peke yake na usahihi wake uko chini.

Jibu lake si ndiyo wala hapana, ni uwezekano. Ukiambiwa 1 kwa 150 au zaidi ya hapo, mfano 1 kwa 80, unahesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa, ingawa hiyo 1 kwa 80 maana yake akina mama 79 kati ya 80 wenye jibu kama lako watoto wao hawana tatizo hilo. Hapo unaweza kuacha, kuchukua kipimo cha damu cha vinasaba vya mtoto, ambacho hakina hatari kwa mimba, au kwenda moja kwa moja kwenye kipimo cha sindano ya tumboni. Unaruhusiwa pia kukataa kipimo chote tangu mwanzo. Unaruhusiwa kupima Down peke yake ukaacha vingine. Mkunga anatakiwa akuulize, akiwa hakukuuliza mwulize wewe.

Ultrasaundi ya wiki 18 hadi 20 na siku 6 inatazama viungo: moyo, uti wa mgongo, figo, midomo, ubongo. Watu huenda wakifikiria jinsia tu, na hospitali nyingine hawasemi jinsia. Nenda kwa ajili ya moyo wa mtoto.

Mkalimani ni haki yako na ni bure. Mume, shemeji au mtoto wa shule asitafsiri, kwa sababu kuna maswali ya ukeketaji, ya kupigwa nyumbani na ya VVU ambayo mama hatayajibu mbele yao. Unapoomba, taja Kiswahili chako. Mama wa Bukavu, wa Lamu na Mbajuni wa Kismayu wote wanaandikwa "Swahili" kwenye kompyuta, na mkalimani akiwa haeleweki, mama akiitikia tu kwa adabu, ndipo fomu ya ridhaa inasainiwa bila kueleweka. Sema kwa sauti: simwelewi, naomba mwingine.

Kuhusu malipo: aliyelipia ada ya afya kwenye viza halipi tena. Aliye na viza ya matembezi au asiye na karatasi anaweza kuletewa bili, tena kubwa, asilimia 150 ya bei ya kawaida, lakini huduma ya uzazi hairuhusiwi kukataliwa wala kucheleweshwa kwa sababu hajalipa. Asikae nyumbani kwa hofu ya bili. Shirika la Maternity Action hushauri bure katika mambo hayo.

Kutoka: Mtaalamu wa maabara, Birmingham

Selimundu. Naomba msome taratibu.

Katika maeneo ya England yenye wageni wengi kila mjamzito hupimwa. Katika maeneo yenye wageni wachache, fomu ya asili ya familia ndiyo inayoamua kama damu yako itatafutwa selimundu au haitatafutwa. Mtu mwenye pasi ya Uingereza akiandika "Muingereza" basi, maabara haina sababu ya kutafuta. Fomu haiulizi uraia, inauliza damu: bibi na babu, upande wako na upande wa baba wa mtoto. Mzanzibari mwenye asili ya Oman aandike Oman na aandike Afrika Mashariki pia. Mwenye babu Mhindi amtaje, kwa sababu talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, inapita huko.

Mama mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu upande mmoja tu, ni mzima, hana ugonjwa; SS ni mgonjwa aliyerithi pande zote mbili, AA hakurithi kabisa. Akionekana AS, baba anaitwa apimwe, na hapo ndipo muda unapokwisha. Wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa robo kupata mtoto SS, nusu AS, robo AA. Kila mimba inaanza hesabu upya. Kupata mtoto mmoja SS hakumaanishi watatu wanaofuata watakuwa salama.

Makosa mawili ya baba. La kwanza, anasema "nilipimwa nyumbani, sina." Ulizeni alipimwa kwa njia gani. Kipimo cha haraka cha kuona kama damu inajikunja hakitofautishi AS na SS, na hakioni kabisa hemoglobini C wala talasemia ya beta. Mama AS na baba mwenye talasemia ya beta wanaweza kupata mtoto mgonjwa wa selimundu ingawa baba "hana selimundu". Kinachotakiwa ni kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, elektroforesisi au HPLC, na karatasi yenye majibu yaliyoandikwa. La pili, baba yuko Mwanza au Goma na mama anafikiri kwamba bila baba hakuna kinachoweza kufanyika. Baba apime huko kwenye hospitali ya rufaa na kutuma karatasi. Asipopatikana kabisa, mama mwenye AS bado ana haki ya kushauriwa na kupewa nafasi ya kumpima mtoto tumboni.

Kumpima mtoto ni kwa sindano: kuchukua chembe za kondo la nyuma wiki 11 hadi 14, au maji yanayomzunguka mtoto baada ya wiki 15. Hatari ya mimba kutoka kwa sababu ya sindano ni chini ya 1 kwa 200. Hakuna anayelazimishwa, na kupima hakukufungi kuitoa mimba. Wapo wanaopima ili wajue na wajiandae. Ila mtu hawezi kuchagua kama majibu yanafika wiki 19, ndiyo maana ya haraka yote hii.

Kutoka: Mtaalamu wa lishe, Reading

Naongeza ya vidonge, kwa sababu chai yetu inahusika.

Asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, ikiwezekana tangu kabla ya mimba, hadi wiki 12. Mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa selimundu au anayetumia dawa za kifafa anahitaji miligramu 5, na hiyo ni ya kuandikiwa na daktari. Vitamini D mikrogramu 10 kila siku, mimba nzima na wakati wa kunyonyesha. Ngozi nyeusi, mavazi ya kujisitiri na jua la huku ni sababu tosha. Maini yaachwe kipindi hiki, yana vitamini A nyingi mno.

Nyumbani vidonge vya madini chuma hupewa kila mjamzito. Hapa havitolewi mpaka damu ionekane imepungua: chini ya 110 g/L miezi mitatu ya kwanza, chini ya 105 baada ya hapo. Kwa hiyo ukiona hujapewa usidhani umesahauliwa, uliza namba yako. Ukipewa, meza kimoja asubuhi kabla ya kula, kwa maji au juisi ya chungwa, na chai ya maziwa isogee saa nzima au zaidi. Majani ya chai na maziwa yote mawili yanazuia chuma kuingia mwilini. Mama anameza kidonge na chai ya rangi kila asubuhi kwa miezi miwili, damu haipandi, anaambiwa hamezi dawa. Anameza, ila chai inakimaliza. Kikimsumbua tumbo, siku moja ameze siku moja aache, ni bora kuliko kuacha kabisa.

Udongo wa kula, yaani pemba: hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma. Mwambie mkunga, hatacheka. Mawe yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika yamewahi kukutwa na madini ya risasi na arseniki, na mamlaka za Uingereza zimetoa onyo. Risasi hupita kwenye kondo na kugusa ubongo wa mtoto.

Kisukari cha mimba hupimwa wiki 24 hadi 28, unakunywa gramu 75 za glukosi. Sukari ya damu kabla ya kunywa ikiwa 5.6 mmol/L au zaidi, au baada ya saa mbili 7.8 au zaidi, ndicho hicho. Ugali hauachwi, unapunguzwa kufikia ukubwa wa ngumi na mboga zinaongezwa. Uji mwepesi wenye sukari asubuhi ndio unaopandisha zaidi.

Kutoka: Nesi wa watoto wachanga, Manchester

Shikamooni mama na bibi zetu mnaokuja kuuguza arobaini. Haya ni yenu hasa, kwa sababu ninyi ndio mnaoishika chupa usiku.

Dang'a, maziwa ya kwanza ya manjano, hayakamuliwi kutupwa. Siku mbili za mwanzo ni matone tu na yanatosha, tumbo la mtoto ni dogo. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Kujua kama anapata, hesabu nepi: siku ya 1 na 2, moja au mbili za mkojo, siku ya 3 na 4, tatu, siku ya 5, tano, wiki ikiisha, sita nzito. Choo kinatoka cheusi, kinakuwa kijani, na siku ya 5 kiwe cha njano. Siku ya 5 kikiwa bado cheusi, mpigie mkunga siku hiyo hiyo. Akipungua uzito kufikia asilimia 10, kunyonya kwake lazima kuangaliwe.

Maji, glukosi na uji vingoje miezi 6. Asali mwaka mzima.

Kwa maziwa ya kopo, chukua namba moja, mpaka mwaka. La bei ndogo na la bei kubwa yote yanafuata sheria moja ya virutubisho. Unga wake hauko bila vijidudu, na watu hawalijui hilo. Maji ya moto ndiyo yanayoviua. Chemsha maji mapya ya bomba, angalau lita moja, yasiwe ya chupa wala yaliyochemshwa tena. Acha birika lisizidi nusu saa ili yabaki nyuzi 70 au zaidi. Mimina maji kwanza, soma mstari, kisha unga: kwa makopo mengi kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa kisu kwa kila mililita 30, lakini thibitisha kwenye kopo lako. Ukitangulia unga, maji yanakuwa pungufu. Poza chupa chini ya bomba la maji baridi, pima joto kwa kudondosha upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Kinachobaki baada ya kunyonya mwage.

Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi kunashusha chumvi kwenye damu, na mtoto anaweza kupata degedege. Kuongeza unga "ashibe alale" kunamkausha na kumfunga choo. Kopo likikushinda bei, sema kwa nesi anayekuja nyumbani. Kuna kadi ya Healthy Start kwa wenye kipato kidogo, na kuna vituo vya msaada. Safarini, chupa ya chai inafaa sana: ijaze maji yaliyochemka hivi punde, unga ubebe pembeni, changanya huko huko. Iwe ya mtoto peke yake, isiwe iliyotiwa tangawizi jana.

Baada ya wiki ya kwanza, hesabu ni mililita 150 hadi 200 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 4 ni 600 hadi 800, ukigawa mara 8 ni 75 hadi 100. Anayenyonya ziwa apewe matone ya vitamini D kila siku tangu kuzaliwa. Wa kopo anayepita mililita 500 haihitaji.

Kutoka: Mratibu wa jumuiya, Coventry

Ahsante sana. Mama mwenye VVU je? Nyumbani wanaambiwa wanyonyeshe, huku wanaambiwa wasinyonyeshe, na wengine wanadhani wanabaguliwa.

Kutoka: Mkunga, Leicester

Si ubaguzi. Dawa za mama zinashusha sana hatari lakini haziifanyi sifuri, na kopo lenye maji salama linaifanya sifuri. Kule ambako maji si salama, mtoto wa chupa huuawa na kuhara, kwa hiyo ziwa linashinda. Huku hesabu inageuka. Hata hivyo mama ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo na anataka kunyonyesha, asifanye kwa siri. Aiambie kliniki, watamsaidia kwa kupima damu yake na ya mtoto mara kwa mara.

Na chanjo ya kifua kikuu: nyumbani ni siku ya kuzaliwa, huku ni siku 28 au baada ya hapo. Mtoto mwenye mzazi au babu aliyezaliwa Tanzania, Kenya au Kongo anastahili. Barua isipokuja, ulizia.

Kutoka: Nesi wa watoto wachanga, Manchester

Manjano ya mtoto mchanga kwenye ngozi yetu hayaonekani usoni. Tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, mchana dirishani. Yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura. Kumwanika juani si tiba. Hina mwilini mwa mtoto mchanga hapana, na nguo zilizohifadhiwa na naftalini hapana: mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao kwetu si haba, damu yake huvunjika na manjano yanapanda kwa kasi. Wanja machoni nao una risasi.

Kutoka: Mtaalamu wa maabara, Birmingham

Siku ya 5 mtoto anachomwa kisigino, matone manne kwenye karatasi, na selimundu imo. Siku ya kuzaliwa inahesabiwa sifuri. Majibu yafike ndani ya wiki 6 hadi 8. Akiwa SS mtapigiwa mapema, kwa sababu penisilini lazima ianze kabla ya miezi 3. Akiwa AS mtaambiwa tu, na jibu hilo liandikwe kwenye kitabu chekundu cha mtoto. Barua isipofika, pigeni simu kwa nesi anayemtembelea, msichukulie ukimya kuwa ni jibu zuri.