Tupeane uzoefu: wewe au mwanao mliombaje vile vyuo vigumu vya Marekani?

Mama Pacha: Wakuu, jana usiku nimemkuta binti analia mbele ya kompyuta. Insha inaruhusu maneno 650, yeye ana 40. Yuko mwaka wa mwisho. Mliopita njia hii, semeni kilichowasaidia na kilichowaponza.

Jogoo la Shamba: Mimi niliponzwa na sifa. Fomu ina nafasi kumi za shughuli, nikajaza zote, hadi klabu nilizoingia mara mbili. Kwenye usaili, mzee aliyesoma chuo hicho zamani akaniuliza klabu ya nyota tulitazama nini mara ya mwisho. Nikasema mwezi. Akauliza, ulikuwa mpevu au mwandamo? Nikabaki natazama viatu.

Kidole Tupu: 😂😂 Mwezi mzima umekuponyoka!

Mwalimu Mstaafu: Barua za kuwapendekeza wanafunzi vyuoni nimeandika mpaka mkono ukachoka. Kijana anakuja tarehe 28 Desemba, chuo kinafunga Januari 1. Niandike nini zaidi ya "ana bidii"? Aje miezi kabla, anikumbushe siku aliyobishana nami darasani akashinda. Na msikimbilie mwalimu aliyewapa A kirahisi. Nendeni kwa aliyewaona mkihangaika.

Chuma Chakavu: SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, siku hizi hailazimishwi. Asipoteze muda.

Binti Sayari: Chuma, unampoteza mtoto wa watu. MIT waliirudisha 2022. Dartmouth, Brown na Harvard wakatangaza kuirudisha 2024. Wasiotaka hata kuiona ni University of California. Kila chuo na sheria yake, asome tovuti zao.

Chuma Chakavu: Mimi niliingia 2021 bila hiyo SAT. Utaniambia nini?

Binti Sayari: 2021 ilikuwa korona, kaka!

Marehemu Hai: Niliapa sitaisimulia hii, ila insha imenigusa kidonda. Mwanangu ni mpole, anatengeneza redio mbovu, chini ya kitanda hakupitiki. Tukamlipa wakala. Akasema redio haiuzi, vyuo vinataka machungu, insha tumwachie yeye.

Februari mshauri wa shule akaniita. Nimeingia tu, akanitazama kama kaona jini. Chuo kilikuwa kimemwandikia: mbona barua yako inamtaja baba asiyekosa kikao cha wazazi, na insha ya mwanafunzi inaeleza alivyomzika baba yake akiwa na miaka tisa? Nikaisoma mle ofisini. Jamani, niliandikwa vizuri. Nililia kwenye mazishi yangu mwenyewe. Kumbe kijana hakuwahi kuisoma, alibofya tu kuthibitisha kwamba maneno ni yake.

Ombi likafutwa. Vyuo vingine sita navyo vikakataa, bila kusema sababu. Mwaka uliofuata akaandika mwenyewe, habari ya redio iliyoshika stesheni moja tu na jinsi alivyokataa kuitupa. Chuo kimoja kikamchukua.

Kidole Tupu: Poleni na msiba. Arobaini lini?

Jogoo la Shamba: Rambirambi tutume namba gani mkuu?

Njia Panda: Msiwachafue mawakala wote. Nafanya kazi hiyo, na sijawahi kumwandikia mtu hata sentensi.

Kidole Tupu: Kaburi ulichimba wewe?

Mama Pacha: Jamani, mnaniua mbavu, turudi kwenye mada. Kuna haya maombi ya mapema ya Novemba 1, yale ya kujifunga. Yanasaidia?

Chuma Chakavu: Yanasaidia sana. Ombeni tu.

Binti Sayari: Asiombe kabla ya kupiga hesabu kwenye kikokotoo cha gharama cha chuo. Ukikubaliwa unaondoa maombi mengine yote. Mdogo wangu alikubaliwa katikati ya Desemba, tukapiga vigelegele, kisha tukafungua karatasi ya msaada wa ada: haukutosha hata nusu. Tuliomba kuachiwa, wakatuachia, ndivyo utaratibu ulivyo fedha zikikwama. Lakini insha za vyuo vingine hakuwa ameanza hata moja. Nyumba nzima hatukulala mpaka mwaka mpya. Halafu kama si raia wa huko, ajue vyuo vingi hupima uwezo wako wa kulipa wakati vinapochagua. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa vichache visivyofanya hivyo.

Mwalimu Mstaafu: Navyo ndivyo vinavyokataa karibu kila mtu. Achanganye, aweke na vya wastani anavyovipenda kweli.

Chuma Chakavu: Kwa hapo nakubali.

Mama Pacha: Nimemsomea kisa cha redio. Kacheka, kafuta yale maneno 40, kajifungia chumbani. Nasikia anaandika, nikibisha hodi anasema nisubiri.

Marehemu Hai: Akitoka, muulize kwanza kama bado upo hai.