Mjadala: Kufumba macho dakika 10 na kuhudhurisha moyo, ni kitu kimoja kweli?

Assalamu alaykum, na wasokuwa Waislamu hamjambo nyote. Naleta hili hapa kwa sababu kwenye grupu letu la wazazi hapa Lamu limeshakuwa ugomvi, watu wazima wanatoleana maneno na hakuna anomsikiliza mwenziwe.

Kisa ni hiki. Mwalimu mmoja katoa rai kwamba kila asubuhi kabla ya somo la kwanza watoto wakae kimya dakika 10, macho wameyafumba, wafuate pumzi zao zinavoingia na kutoka. Yeye kaiita maindifulnesi. Upande mmoja wakaja juu, hiyo ni meditesheni, ibada ya Mabudha, watoto wetu wana chuoni kwao na wana swala zao. Upande wa pili wakajibu nyinyi mwakuza mambo, maindifulnesi ni kuwa makini tu, mvuvi akitega jarife yuko makini, dhambi iko wapi hapo.

Mie nasema pande zote mbili zimechanganya vitu viwili.

Meditesheni ni kikao. Unakitengea wakati wake, unaketi au hata unatembea polepole, unafanya zoezi la moyo, ukimaliza umemaliza. Na zoezi lenyewe lina aina nyingi, kuna wanaorudia neno moja kama alivofundisha Maharishi Mahesh Yogi, yule mwalimu wa Kihindi, kuna wanaowatakia watu kheri ndani ya nafsi zao mmoja mmoja, na kuna hao wa kufuata pumzi. Maindifulnesi ni ile hali ya kuwepo pale ulipo, unajua wafanya nini wakati wakifanya, na moyo ukikimbia unajua umekimbia. Sisi tuna neno letu na mie naliona zuri zaidi, kuhudhurisha moyo. Waweza kuhudhurisha moyo huku waparua samaki, na waweza kukaa kwenye meditesheni nusu saa nzima moyo uko sokoni.

Hata huyo alolileta jambo hili mahospitalini alivitenga. Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, kwenye chuo cha udaktari cha Massachusetts huko Marekani, alianza kuwafunza wagonjwa wenye maumivu yalowashinda madaktari, kozi ya wiki 8. Asili yake kaitoa kwa Mabudha, hilo wazazi wenzangu hamkukosea, lakini kaifunza bila ibada. Na kazi za nyumbani alizowapa zilikuwa namna mbili. Moja ni kikao, kama dakika 45 kwa siku. Nyingine haina kikao kabisa, ni kuosha vyombo na kujua kuwa waosha vyombo, kupiga mswaki na kujua kuwa wapiga mswaki, na kuna lile zoezi lao la kula zabibu kavu moja tu, unaishika, unaitizama mikunjo yake, unainusa, ndo uitafune polepole. Sasa iweje sisi hapa tushike ile ya kwanza tu tuite ndo yote?

Hili silisemi kwa kusoma tu, limenipata. Kazi yangu ni kushona kofia za vito, zile za vitobo vitobo, na kofia moja hunichukua miezi. Kuna kipindi nilikuwa na wasiwasi mwingi usiku silali, dada mmoja niliyefanya naye kazi Shela kwenye nyumba za wageni akanionyesha programu ya simu ya meditesheni. Nikawa nakaa dakika 20 kila siku baada ya swala ya alfajiri, mwezi na nusu sikuacha hata siku moja, na siwezi kusema uongo, kifua kilipungua kubana.

Basi asubuhi moja nimetoka kwenye kikao changu, roho imetulia, nikaenda kumpa mamangu chai. Yeye akawa ananieleza mguu wake umeanza kufa ganzi tangu usiku, na mie nimeketi mbele yake namwitikia eeh, eeh, kumbe nafikiria uzi wa kofia uliokuwa haujafika kutoka Mombasa. Akanyamaza. Akaweka kikombe chini taratibu, akaniambia, mwanangu, hii ni mara ya tatu nakwambia, mato yako yanitizama, moyo wako u wapi yeo?

Wallahi nilishikwa na haya mpaka leo nikikumbuka. Dakika 20 za kufuata pumzi, kisha mama mzazi aniambie maneno mara tatu nisiyasikie.

Na kwenye kofia huwa sipotei hivo. Kile kitobo kidogo unakizungushia uzi kwa sindano, moyo ukiondoka tu kitobo kinakwenda upande, na hukioni mpaka umeshapita mistari miwili mitatu mbele, ufumue wote. Kofia yenyewe inakurudisha. Sikupata kukaa nikafunzwa maindifulnesi kwenye kofia, lakini ipo pale miaka yote. Sikuwa nimeipeleka kwa mamangu, ndo kosa langu lilikuwa hapo.

Sisemi kikao hakina faida. Mwaka 2014 watafiti walikusanya majaribio 47 yaliyokuwa na watu 3,515, wakaona meditesheni inapunguza kiasi wasiwasi, huzuni na maumivu, ila hawakuona kuwa inashinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Hiyo ni kwa watu wazima. Kwa watoto, Uingereza walijaribu kufunza maindifulnesi mashuleni kwa watoto zaidi ya 8,000 wa miaka 11 mpaka 14, majibu yakatoka 2022, hawakuwa tofauti na wenzao waloendelea na masomo ya kawaida ya malezi, na wengi wao nyumbani hawakuyafanya yale mazoezi. Mie hili halinishangazi hata kidogo. Mtoto umempa kikao darasani, maisha yake yako kwengine.

—

Nimerudi baada ya Isha, nimesoma mlochangia.

Ndugu alouliza kwani swala haitoshi. Kakangu, mie naswali na nawaswalisha wanangu, lakini tusiambiane kuwa kuswali tu kunaleta huo uhudhuriaji. Suratul Muuminun inaanza kwa kuwasifu waumini walo na khushuu, yaani unyenyekevu na moyo kuhudhuria, ndani ya swala zao, maana yake yawezekana kuswali bila khushuu. Sijda ya kusahau imewekwa kwa nini, kama si kwa sababu mtu husimama akasahau yuko rakaa ya ngapi? Ni vilevile na meditesheni, mwili ushaketi na moyo bado haujafika.

Nahodha wa Malindi kasema wao baharini siku zote wako makini hawahitaji kufunzwa na mtu. Nakukubalia bahari hairuhusu moyo kutoka. Lakini naomba ujiulize ukishafunga chombo ukafika nyumbani, mtoto akikuletea daftari lake wamtizama vile watizama mawimbi? Mie nimekwambia langu la kofia na mamangu, sina haja ya kukusuta.

Dada aloandika kuwa akifumba macho picha za msiba wake zinamjia zote mara moja mpaka akatoka mbio, ahsante kwa kusema, pole sana, na sio udhaifu wako. Hilo linawapata watu na linajulikana, kikao cha kimya kwa mtu aliyeumizwa chaweza kumzidishia. Na ndo hofu yangu kubwa kwenye hii rai ya mwalimu, kubwa kuliko hilo la dini. Kaunti yetu hii ina watoto walokimbia makwao kwa mashambulizi. Unamwambia afumbe macho darasani, mbele ya wenzake, kila siku, kwa lazima, wewe wajua ataona nini ndani ya hayo macho?

Jumamosi tuna mkutano wa wazazi na mie nitasimama niseme hivi: kufumba macho kusiwe lazima, na dakika 10 ni nyingi kwa mtoto wa darasa la tatu. Wapewe dakika mbili, macho wazi, wasikilize sauti zote zinazoingia dirishani, punda, mashine za boti, watu wanaopita kichochoroni, kisha kila mmoja aseme alosikia. Hapo hakuna ibada ya mtu, na mtoto atakuwa amehudhuria kweli.

Wa Malindi ambao shule za watoto wenu zishajaribu mambo haya, naombeni mnieleze watoto wakitoka darasani wakoje, wakigombania mpira wakoje, wakirudi nyumbani mkiwaita waitika mara ya ngapi. Nataka kuyasikia kabla ya Jumamosi.