Kupandisha kompyuta za maabara hadi Windows 11 kwa kupakua pekee

MwalimuKayole:
Hamjambo wanajukwaa. Kompyuta za maabara yetu hapa Kayole bado zinatumia Windows 10, ambayo muda wake wa kawaida wa huduma ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Diski hatuna, kila ninayemuuliza ananiambia nipakue, na faili yenyewe inazidi gigabaiti 5 ilhali tunategemea bando la simu na umeme wa kukatikakatika. Je, ni lazima kila kompyuta ijipakulie nakala yake?

FundiLuthuli:
Hapana, mwalimu. Kabla hujachoma bando, hakikisha kwamba mashine zenyewe zinakubalika: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha utazame kama toleo la TPM (chipu ya usalama ya kompyuta) ni 2.0. Prosesa za Intel kwa kawaida huanza kukubaliwa kutoka kizazi cha 8, kwa hiyo kompyuta nyingi za mtumba zitakwama hapo. Kwa zitakazopita, pakua faili ya ISO (nakala nzima ya diski ya usakinishaji katika faili moja) mara moja tu, linganisha alama yake ya SHA-256 (msimbo wa kuthibitisha kwamba faili haijaharibika) na ile iliyo kwenye ukurasa wa Microsoft, kisha uibebe kwa flashi hadi kwenye kila mashine. Flashi hiyo isiwe ya muundo wa FAT32, kwa sababu muundo huo haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4, na utaambiwa faili ni kubwa mno hata kama nafasi ipo tele.

Mama_Tarakilishi:
Niongeze kwamba kiungo cha ISO hufa baada ya saa 24, basi usikichukue asubuhi ukisubiri bando la usiku wa kesho. Tatizo hili si geni: mwaka 2011 Apple ilipotoa Lion, mfumo wa kompyuta zake za Mac, kwa kupakuliwa, gigabaiti karibu 4 kwa dola 29.99, aliyekuwa na mfumo wa zamani usio na Mac App Store, duka la programu la Apple, hakuweza hata kuanza. Baadaye waliiuza kwenye flashi kwa dola 69, yaani asiye na intaneti nzuri alilipa zaidi ya maradufu.

MwalimuKayole:
Nashukuru sana. Na zile zitakazokataliwa?

FundiLuthuli:
Ziwekee Ubuntu au Linux Mint, mifumo ya bure ya kompyuta, ukipakua kwa torenti (njia ya kupakua faili vipande vipande), ambayo umeme ukirudi huendelea pale ilipoachia na hukagua kila kipande yenyewe. Kazi za wanafunzi uzinakili kwingine kwanza.