Mliofyeka siku za kuzoea mwinuko kwenye ratiba yetu ya mlimani, mnacheza na roho za watu

Wakuu naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuzificha. Tuna grupu la safari ya kambi ya mlimani, kambi ipo mita 3,600 kutoka usawa wa bahari, kuna kukwea miamba, kuna kuvuka korongo kwa kamba, halafu siku ya mwisho mnapanda juu zaidi. Watu wa kambi walituletea ratiba ya maana kabisa, usiku wa kwanza tulale mita 2,600, wa pili 3,100, ndio kesho yake tuingie kambini. Jana usiku watu wakapiga kura humo kwenye grupu, zile siku mbili za njiani zimefyekwa zote, eti tunapoteza muda na hela kulala sehemu ambayo hakuna cha kufanya, basi litupandishe moja kwa moja, asubuhi tupo huku chini jioni tupo 3,600. Kura imefunguliwa watu wamelala na imefungwa watu wamelala.

Hivi mnajua mlichokipigia kura?

Kile kiasi cha oksijeni kwenye hewa hakibadiliki, ni asilimia 21 chini na juu, ila kule presha ya hewa imeshuka, kwa hiyo kila pumzi unayovuta kwenye mita 3,600 unapata kama theluthi mbili tu ya oksijeni unayopata pwani. Mwili unaweza kuzoea lakini unataka muda, unataka siku, na ndio maana madaktari wa milimani wanasema ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kinachohesabiwa ni pale unapolala sio pale ulipopita ukapiga picha. Ratiba ya kwanza ilifuata hilo kabisa, mtu aliyeipanga alijua anachofanya, nyie mkaja na kidole kwenye simu mkaifuta.

Halafu kuna huyu jamaa kila ukiongea anakujibu yeye anakimbia kila asubuhi ana pumzi. Mkuu, mazoezi hayakingi ugonjwa wa mwinuko! Mtu fiti anaumwa kama mwingine yeyote, na mara nyingi yeye ndio anajiumiza zaidi maana anakimbilia mbele na akianza kujisikia vibaya ananyamaza ili asionekane mnyonge. Na hauji hapo hapo, hilo ndilo linalowadanganya wengi, unafika unajiona mzima unacheka, masaa sita mpaka kumi na mawili baadaye ndio kichwa kinaanza kugonga, chakula hakipiti, kichefuchefu, kizunguzungu, na saa hizo ni usiku, baridi kali, na basi limeshaondoka zamani. Ukizidi, mapafu yanajaa maji, mtu amekaa tu hajafanya kazi yoyote anahema, au ubongo unavimba anaanza kuyumba na kuongea visivyoeleweka. Hapo dawa ya kwanza ni kumshusha chini, tena na mtu wa kumsindikiza, sio kumwambia alale atapata nafuu asubuhi. Nimeuliza kwenye grupu gari la kumshushia mgonjwa usiku lipo, nikajibiwa "acha kutuletea mikosi".

Mwingine anasema kuna vidonge, tutameza. Vidonge vipo kweli, ila vya kuandikiwa na daktari, vinaanzwa siku moja kabla ya kupanda, kuna watu wana mzio navyo, na havichukui nafasi ya kupanda taratibu. Sio kitu cha kugawiana kwenye basi kama pipi.

Sasa lililonichefua kuliko yote ni fomu ya afya. Kambi ilituma fomu kila mtu ajaze ya kwake, magonjwa, dawa unazotumia, kama umewahi kuumwa mlimani. Mratibu wetu akazijaza zote mwenyewe ili "kuokoa muda". Nimeiona niliyojaziwa mimi, kila mstari kaandika "hakuna", "hakuna", "hakuna", mpaka kwenye mtu wa kupigiwa simu dharura kaweka namba yake yeye, ambaye atakuwa huko huko mlimani na sisi! Na kwenye hilo grupu kuna dada anameza dawa za presha kila siku, alishasema wazi, kuna mwingine alisema safari iliyopita alitapika usiku kucha huko juu, na mtu aliyewahi kuumwa hivyo ndiye wa kuangaliwa zaidi maana uwezekano wa kumrudia ni mkubwa. Wote hao wameandikiwa "hakuna". Waongozaji wa kambi wataisoma hiyo karatasi na kuiamini, wafanyeje sasa?

Bima nayo hivyo hivyo, imekatwa ile ya bei ya chini bila kusoma. Bima nyingi za safari zina kikomo cha mwinuko, ukikipita haikulipi hata shilingi, na kukwea kwa kamba mara nyingi kunataka nyongeza yake. Nimeomba nakala ya masharti mara kibao, naletewa picha za mabegi mapya na stika za kucheka.

Sijakataa safari mimi, naitaka sana, nimeisubiri. Ila nimeshawaandikia mratibu na kambi kwamba fomu yangu ile sio yangu, nitajaza upya kwa mkono wangu, na kama zile siku mbili hazirudi kwenye ratiba basi jina langu litoke na hela yangu irudi yote, maana niliyoilipia ni ratiba ya mwanzo.

Waliowahi kupanga safari za kundi kwenda juu namna hii naomba mnijibu, mtu mmoja kuwajazia watu wazima fomu za afya mliwahi kuliona wapi, na kambi zenyewe huwa zinakubali ratiba kukatwa hivi au zinagoma?