Matangazo yanarudi kila nikiyaondoa kwenye kivinjari: chanzo chake kiko wapi?

BintiKalamu

Nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo. Kwa muda wa wiki mbili sasa kompyuta yangu, ambayo naitumia kwa kazi ya kutafsiri na kwa hiyo nashinda nayo mchana kutwa, imeingiliwa na matangazo yasiyokwisha. Kwenye pembe ya chini, upande wa kulia wa skrini, vinachomoza visanduku vinavyodai kwamba kompyuta ina virusi vitano na kwamba nibofye mara moja ili iokolewe. Vinachomoza hata nikiwa nimekifunga kivinjari na ninaandika kwenye programu nyingine kabisa. Tena, kila nikitafuta neno kwenye Chrome, matokeo hayaji kutoka Google bali yanapitia anwani nisiyoifahamu, kisha yanatua kwenye ukurasa uliojaa matangazo matupu.

Niliona kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, ambacho sikumbuki kukisakinisha, nikakiondoa. Kesho yake asubuhi kilikuwa kimerudi, na safari hii hakina kitufe cha kukiondolea. Juu ya hayo, kwenye menyu ya Chrome kumetokea maneno yanayosema kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika, ilhali kompyuta hii ni yangu mwenyewe na haijapata kuwa ya ofisi yoyote. Yote yalianza baada ya kupakua programu ya kubadilisha faili za PDF. Nilikuwa na haraka, nikabofya kitufe cha kuendelea hadi mwisho bila kusoma. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows nimeiendesha na haikuona kitu. Je, hakuna njia isipokuwa kufuta kila kitu na kusakinisha Windows upya? Humu mna kumbukumbu za tafsiri za miaka mingi, na naogopa kuzipoteza.

MzeeWaMitambo

Dada, pole sana. Usifute chochote kwanza. Kwa maelezo yako naona matatizo mawili tofauti yaliyokutana kwenye skrini moja, na ndiyo maana ukigusa moja unaona kana kwamba hukufanya kitu. Kabla ya kuondoa tangazo ni lazima tujue linatoka wapi, maana linaweza kutoka kwenye tovuti uliyoipa ruhusa, kwenye kiendelezi, kwenye programu iliyosakinishwa ndani ya Windows, au kwenye amri iliyoandikwa mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hafiki.

Tuanze na visanduku vya pembeni. Subiri kimoja kichomoze, usikibofye katikati, bali kitazame vizuri. Mbali na yale maandishi makubwa ya kutisha na ile picha ya ngao nyekundu, utaona mstari mdogo, hafifu, wenye jina la kivinjari na anwani ya tovuti. Ukiuona mstari huo, basi hicho si kirusi wala si onyo la Windows. Ni arifa ya tovuti. Siku moja ulifungua ukurasa uliokuambia ubofye "Ruhusu" ili uthibitishe kwamba wewe si roboti, au ili video ianze, nawe ukabofya. Tangu hapo tovuti hiyo ina haki ya kukutumia ujumbe wakati wowote, na kinga ya virusi haioni kosa kwa kuwa hakuna faili iliyoingia. Kuna ruhusa tu uliyoitoa wewe. Vinatokea hata baada ya kukifunga kivinjari kwa sababu Chrome inaweza kuendelea kufanya kazi chinichini bila dirisha lolote.

Andika chrome://settings/content/notifications kwenye upau wa anwani. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa kila usiyoitambua, kisha chagua kwamba tovuti zisiombe tena ruhusa hiyo. Halafu, katika mipangilio ya mfumo ya Chrome, zima ile swichi inayoiruhusu iendelee kufanya kazi baada ya kufungwa. Anayetumia Firefox atazipata arifa chini ya faragha na usalama, sehemu ya ruhusa. Tangu toleo la 72 la Januari 2020 kivinjari hicho hakimrushii mtumiaji ombi la arifa usoni, na naona jambo hilo limewaepusha watu wengi na mtego huu.

Naomba fanya hayo peke yake, uwashe upya kompyuta, utuambie kilichobaki. Ukifanya mambo kumi kwa pamoja hutajua lipi lililosaidia.

BintiKalamu

Shikamoo mzee wangu, na ahsante. Mstari ule ulikuwepo, nami sikuwahi kuutazama. Katika orodha nimekuta tovuti 11, na nilizozifahamu ni mbili tu. Nimeziondoa nyingine zote na tangu jana jioni pembe ile ni kimya. Lakini utafutaji bado unapotea njia, na kiendelezi kipo palepale bila kitufe.

NyuziNne

Naomba kuendelea alipoishia Mzee, kwa kuwa sehemu hii imenisumbua mimi mwenyewe na najua inavyochosha.

Maneno ya "kinasimamiwa na shirika" ndiyo ufunguo. Chrome huruhusu mashirika kuweka sera, yaani kanuni zinazokiongoza kivinjari, kwenye kompyuta za wafanyakazi wao, na mojawapo ya sera hizo hulazimisha kiendelezi kisakinishwe na kumnyima mtumiaji uwezo wa kukiondoa. Programu za matangazo hutumia mlango huohuo: zinaandika sera kwenye rejista ya Windows, yaani ghala la mipangilio ya mfumo, na Chrome inazitii kama inavyomtii msimamizi halali. Ndiyo maana kiendelezi ulichokiondoa kilirudi.

Fungua chrome://policy. Kama pana jina ExtensionInstallForcelist, mbele yake utaona mfuatano wa herufi 32, zote kati ya a na p. Hicho ni kitambulisho cha kiendelezi. Sasa nenda chrome://extensions, washa hali ya wasanidi, na ulinganishe herufi hizo na zile zilizo chini ya kiendelezi kinachokusumbua. Zikifanana, umempata. Hapo ndipo unapofungua regedit, kihariri cha rejista, na kwenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, kisha mahali penye njia kama hiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER, ambapo utaikuta sera hiyo na kuifuta.

Lakini kabla ya kuifuta, mambo mawili. Kwanza, hamisha nakala ya tawi hilo la rejista uihifadhi pembeni, kwa sababu ukikosea hakuna kitufe cha kutengua. Pili, na hili nawaambia wengine watakaosoma hapa, usifanye hivi kwenye kompyuta ya kazini au ya shule, ambako sera hizo huenda ni halali kabisa. Hata baadhi ya programu za kinga huweka sera ya aina hii, kwa hiyo linganisha kitambulisho kwanza.

Kisha tafuta kinachoirudisha. Fungua appwiz.cpl, ambayo ni orodha ya programu zilizosakinishwa, na uzipange kwa tarehe ya kusakinishwa. Zile zilizoingia siku moja na kibadilishaji chako cha PDF ndizo za kutiliwa shaka. Ziondoe hapo. Baada yake fungua taskschd.msc, ambayo ni ratiba ya kazi za Windows, na uangalie kama pana kazi inayoamshwa kila unapoingia na inayoendesha hati ya amri kutoka AppData, folda ambamo programu huhifadhi data za mtumiaji. Kiendelezi chako kilirudi asubuhi, na hilo linanifanya niamini kwamba pana kitu kinachoamka unapowasha kompyuta. Usihukumu kwa folda peke yake, hata hivyo, maana programu nyingi njema nazo hukaa AppData.

Jambo la mwisho ni usawazishaji, yaani Chrome kunakili mipangilio na viendelezi vyako kwenye akaunti yako. Kama umeingia kwenye akaunti yako ya Google ndani ya Chrome, uzime kabla ya kuanza kazi hii, vinginevyo kiendelezi na mipangilio mibaya vinaweza kuteremka tena kutoka kwenye akaunti mara tu ukimaliza kusafisha.

MzeeWaMitambo

Maelezo mazuri sana, NyuziNne, nami naongeza machache ambayo naona yasiachwe.

Dada, angalia pia njia ya mkato ya Chrome iliyo kwenye eneokazi. Ibofye kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, na usome ule mstari unaoonyesha faili inayofunguliwa. Unapaswa kuishia kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Huenda pia pakafuata maelezo ya wasifu yanayoanza na vistari viwili, na hayo hayana neno. Ukikuta anwani ya tovuti imebandikwa baada ya hapo, ifute. Nimewaona watu waliosakinisha kivinjari upya mara tatu ilhali shida yote ilikuwa ni maneno yale machache mwishoni mwa mstari.

Ukishamaliza kazi ya mikono, pitisha AdwCleaner, programu ya kusaka na kuondoa programu za matangazo, ambayo ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Imekuwa mali ya kampuni ya Malwarebytes tangu 2016, basi ipakue kwenye tovuti ya mwenyewe kwa kuiandika anwani, usiitafute kwa mtambo wa utafutaji ambao bado umetekwa. Pia, kuanzia toleo la 2004 la Windows 10, mwaka 2020, sehemu ya usalama ya Windows ina swichi ya kuzuia programu zisizotakiwa. Ihakikishe imewashwa. Kinga ya virusi inaweza kuzipita programu hizi kwa kuwa kisheria ulizikubali mwenyewe ulipobofya kuendelea.

Nasisitiza mabaki kwa sababu historia inatufundisha. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, ambayo iliweka cheti chake, yaani hati ya kidijitali inayoifanya kompyuta iamini kwamba tovuti ni ya kweli, kwenye Windows ili iweze kupenyeza matangazo hata katika kurasa zilizosimbwa. Walioiondoa programu hiyo walidhani wamemaliza, kumbe cheti kilibaki, na ufunguo wake ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote, kwa hiyo mwovu yeyote aliyeupata angeweza kujifanya tovuti ya benki. Ukifungua certmgr.msc, ambayo ni orodha ya vyeti vya Windows, ukaona cheti cha mizizi (kile kinachothibitisha vyeti vingine) chenye jina la programu uliyoiondoa, tuletee jina hilo hapa kabla ya kukifuta.

BintiKalamu

Ndugu zangu, nimemaliza leo mchana, na naandika kwa urefu kidogo ili atakayefuata apate faida. Katika chrome://policy herufi 32 zilifanana kabisa na za kiendelezi. Kwa tarehe nilikuta programu tatu zilizoingia pamoja na ile ya PDF, mojawapo ikijiita msaidizi wa masasisho. Kwenye ratiba kulikuwa na kazi yenye jina la herufi zilizochanganywa tu, inayoendesha hati kila nikiingia. Nilianza nayo hiyo, kisha nikaondoa programu, kisha sera, na mwisho kiendelezi, ambacho safari hii kilikuwa na kitufe. Njia ya mkato ilikuwa safi, na vyeti sikuona cha ajabu. AdwCleaner ilikuta folda mbili zilizobaki. Nimewasha upya mara tatu na utafutaji unakwenda Google moja kwa moja. Yale maneno ya shirika yametoweka.

Nina swali moja tu lililobaki. Je, nibadilishe manenosiri?

NyuziNne

Ndiyo, dada, badilisha. Kiendelezi kinachoweza kuelekeza upya utafutaji wako mara nyingi kimepewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote, na hatuna njia ya kujua kilisoma nini katika wiki mbili hizo. Anza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayotumika kurejesha akaunti nyingine zote, kisha benki, kisha tovuti za kazi. Katika kila akaunti toka kwenye vifaa vyote, maana kubadilisha nenosiri peke yake huenda kusimfukuze aliyekwisha kuingia, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Usawazishaji uuwashe baada ya hapo, na siku itakayofuata ufungue tena chrome://policy uhakikishe bado ni tupu.